Kosa Rangu

Tata,

Hakuna aliyekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, barua ikikufikia lazima ushike kifua kwanza uulize ni nani. Sote tuko sawa. Mama analalamika magoti, kuku wake wanataga, na mimi bado nakaa Mwihoko kwenye ile nyumba ya ghorofa ya nne uliyoipanda mara moja ukaapa hutarudi mpaka waweke kamba ya kukuvuta.

Nakuandikia kwa sababu kesho Jumatatu, saa tatu asubuhi, nimeitwa ofisini kule Ruiru nitie sahihi ripoti, na ndani ya ripoti hiyo umo wewe. Jina lako hawalijui. Wamekuandika "fundi wa nje asiye na ujuzi." Nimeisoma tangu Ijumaa mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo. Wewe, shangazi yangu, Mama Redio wa Kiganjo, ambaye makanisa yalikuwa yanakuletea amplifaya zimefungwa kwa shuka kama mgonjwa, asiye na ujuzi.

Lakini salamu kwanza, usije ukasema sikulelewa. Kibanda chako alikichukua msichana anayeuza chapati na maharagwe. Ni mtu mzuri. Aliyapaka mabati rangi ya kijani, ila rangi yenyewe ni nyepesi, na jua likiwaka maneno MAMA REDIO yanajitokeza tena chini yake. Wateja wengine wanamwita Mama Redio na yeye anaitika tu.

Kamau kinyozi yuko palepale kando. Amenunua simu ya kuongea nayo, unaiuliza swali inakujibu kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu. Anaiuliza kila kitu, mvua, mpira, dawa ya mba. Nilimwambia aiulize ni lini atamaliza upande wa pili wa kichwa cha mteja. Na ubishi wa pale nje siku hizi ni pikipiki za stima. Nusu wanasema zitatuokoa na mafuta, nusu wanasema ni ujanja wa kampuni wa kutuuzia betri maisha yetu yote. Yuko anayesema zinazoundwa hapa ndizo za kununua kwa sababu ni zetu, na yuko anayesema zinazoundwa hapa ndizo za kukimbia, kwa sababu hiyohiyo. Wanabishana mpaka chai inapoa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua moja akaona ndani. Nikiwasikia nakukosa vibaya. Ungetoka na bisibisi yako ukawaambia, "Fungua tuone." Huo ndio ulikuwa msimamo wako juu ya kila kitu kinachotumia stima, na juu ya wanasiasa pia.

Kuna watu waliodhani hupendi vya kwetu kwa sababu kitu kibovu ulikiita kibovu bila kuuliza kimetoka nchi gani. Mimi niliyekaa nawe kwenye lile benchi miaka minne najua. Sikukuu za taifa ulikuwa unafungulia redio zote za kibandani kwa pamoja, na wimbo wa taifa ukianza lazima tusimame sote, wewe na chuma cha kulehemu mkononi kikitoa moshi, Kamau na mteja wake mwenye nusu ya nywele. Mara moja jamaa mmoja alibaki amekaa, ukakataa kumrudishia kifuniko cha simu yake mpaka aliposimama. Lakini ni mwaka huohuo yule kijana wa mauzo alikuletea pasi zenye stika ya bendera. Ukafungua moja, ukakuta waya wa ndani ni mwembamba kama uzi wa kushonea, ukamrudishia sanduku zima. Ulimwambia, "Bendera si kiraka. Usiniwekee hapo kufunika shimo." Akaondoka amenuna, na wewe ukabaki umenuna zaidi yake, kwa sababu ulikuwa umetaka sana ziwe nzuri.

Na kosa rangu, Tata. Kuna watu hata leo hawajui nilikuwa nacheka nini siku ya mazishi yako kule Gatanga, katikati ya kilio, mchungaji akisoma. Nilikuwa nimekumbuka ile pasi nyingine, iliyopakwa rangi.

Ulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kitu ulichotengeneza kikirudi na ugonjwa uleule, hukubishana na mwenye nacho. Hukumuuliza alikiangusha wapi, wala kama watoto wamekichezea. Ulikifungua, ukakitengeneza tena, na kabla ya kufunga ulichukua ile kalamu nyekundu ya wino mzito ukaandika ndani ya kifuniko: Kosa rangu. Uliandika jinsi ulivyoongea. Mimi nilikuwa nimetoka Form Four na alama yangu nzuri ya Kiswahili, nikajitia mwalimu, nikakuambia ni langu, kwa L. Hukuinua hata uso.

"Hiyo L ni ya watu wa ofisi, Mami. Mimi sina ofisi."

Uliniita Mami kwa sababu nimeitwa jina la mama yako, na ulipotaka kunitania uliniambia nikutandikie kitanda basi, kama mimi ni mama. Ile pasi niliyoicheka ilikuwa ya mteja wako mmoja; ilifunguliwa na fundi wa mjini, akasoma maandishi yako, akadhani umeandika kosa rangi. Akaipaka rangi. Ikarudi Kiganjo nyekundu kama mpya na bado haipati moto. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ndiyo siku niliyokuuliza kwa nini unaandika ndani, mahali ambapo mteja hawezi kuona, na ukaniambia huandiki kwa ajili ya mteja. Unamwandikia fundi atakayefungua baada yako, asije akamlaumu mwenye kitu.

Sasa nifike kwenye taa.

Unakumbuka nilivyopata kazi kwenye ile kampuni ya taa za sola. Ulimwambia kila mtu, hata waliokuja kuuliza njia. Kazi yangu ilikuwa ya mwisho kwenye mstari: nachomeka waya wa chaji, naangalia kama kitaa chekundu kinawaka, nabandika ndani stika ndogo yenye herufi zangu, W.N., kisha nafunga kifuniko. Inaingia kwenye sanduku lenye bendera na maneno ya kuisifu nchi. Nilikuletea moja, ukaining'iniza juu ya kibanda mchana kweupe, ikiwaka, na jua lote lile la Thika. Wapita njia walikuuliza umeingiwa na nini. Uliwaambia, "Hii imetengenezwa na Mami wangu, Ruiru hapa. Si ya kutoka mbari." Mpaka leo Kamau akitaka kunichokoza anasema hivyo, mbari, kwa R yako. Na watu wa Kiganjo wakazinunua, Tata, kwa sababu ni wewe uliyesema.

Kuna jambo sikukuambia. Taa hiyo ilitoka kwenye kundi moja ambalo matundu yake ya chaji yalikuwa yanacheza. Kampuni ilikuwa imebadilisha aina ya tundu, miguu yake ikawa myembamba, na ukichomeka waya ulisikia kabisa kwamba kitu kimesogea. Nilimwambia supavaiza, Madam Rose. Akashika moja, akaitikisa, akaniambia, "Wanjiku, inawaka au haiwaki? Weka stika. Lori iko nje." Ilikuwa inawaka. Nikaweka stika. Niliziweka siku hiyo na kesho yake na kesho kutwa, mpaka kundi likaisha.

Na yako, Tata, niliichagua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijaribu nyingi kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka nikapata iliyoshika kuliko zote, nikaiweka kando nikasema hii ni ya Tata. Mtu hachagui hivyo kama hajui. Nilijua. Nikakufungia kwa karatasi ya zawadi.

Mwaka huu zimeanza kurudi. Nimehamishiwa meza ya marejesho, na taa za kundi lile zinaingia kila wiki, matundu yamelegea au yameng'oka kabisa. Dhamana ni ya miaka miwili, lakini tuna muhuri wa MATUMIZI MABAYA, na muhuri huo ukigongwa kwenye kadi dhamana inakufa. Nimeugonga mara nyingi, sitakudanganya. Unajiambia mteja pengine alivuta waya. Unajiambia Wakenya tunajulikana, tunachomeka vitu kwa hasira.

Wiki mbili zilizopita zikaja taa tatu kutoka duka la Thika. Moja ilikuwa ya nyanyake Karis, yule wa maziwa, niliitambua kwa kitambaa alichoifungia shingoni. Nikafungua. Stika yangu ilikuwa hapo, W.N. Chini yake, kwa wino mwekundu: Kosa rangu.

Nilikaa kwenye kile kiti nisijue niko wapi. Nikafungua ya pili. Kosa rangu. Ya tatu vilevile. Ulikuwa umelehemu tundu upya, na chini yake umelisimamisha na kipande cha kichana cheusi, kilichokatwa vizuri na kubandikwa, najua ni cha Kamau. Betri ndizo zilikuwa zimechoka. Katika taa zote zilizorudi za kundi lile, ni hizo tatu tu ambazo tundu halichezi. Nililishika kwa kidole, Tata. Lilikuwa limeganda pale kabisa.

Nikaenda kumwonyesha Madam Rose, nikidhani sasa ataelewa. Alifurahi, lakini si kwa nilichofikiri. Aliona vifuniko vimefunguliwa na mtu wa nje, akaona mlango wa kutokea. Siku chache baadaye ripoti ikaandikwa kwamba kundi lote limeharibiwa na mafundi wa mitaani wasio na ujuzi wanaofungua bidhaa, na ushahidi ni taa tatu za Kiganjo. Pale chini kuna nafasi ya mkaguzi kutia sahihi. Mkaguzi ni mimi.

Nilikataa mara ya kwanza, nikaitwa kwa meneja. Si mtu mbaya. Alinipa kiti, akanipa maji. Aliniambia anajua nina uchungu na kazi yangu, kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Tukisema ni sisi, kesho watu watasema si unaona, vitu za Kenya ni takataka. Watarudi kwa za nje. Ni hiyo unataka?"

Nilitoka pale na nusu yangu ikikubaliana naye. Wewe mwenyewe ulikuwa unasimama na moto mkononi kwa ajili ya wimbo. Ingekuwaje mimi, mtoto wako wa benchi, niwe ndiye wa kuiangusha kampuni ya kwetu yenye vijana wetu mia na kitu ndani yake? Nilifika hadi kituo cha magari ndipo nikakumbuka yule kijana na sanduku lake la pasi. Bendera si kiraka. Nikaanza kulia hapo mbele ya wauza miwa.

Mama nilimwambia jana. Alinisikiliza huku anachambua mchele, na alipomaliza alisema, "Wanjiku, Tata yako hawezi kufutwa kazi. Wewe unaweza. Weka sahihi, hata yeye angekuambia hivyo."

Sijalala vizuri kwa sababu ya neno hilo, maana pengine ni kweli. Ulinipenda kuliko ulivyojipenda. Ukiulizwa uchague kati ya jina lako na kodi yangu ya nyumba, najua ungesema nini. Na naogopa, Tata, nikuambie wazi. Kazi hazipo. Nikitoka pale kesho na kadi yangu ya kazi imechukuliwa, sina mahali pa kwenda, hata kibanda chako kina mtu.

Leo baada ya kanisa nikaenda Kiganjo. Taa yako aliichukua Kamau baada ya mazishi, ameining'iniza juu ya kioo chake. Bado inawaka. Nilimwomba anishushie, akanishushia bila kuuliza, akaenda kunoa mashine yake nje ili nibaki peke yangu. Nilikuwa na bisibisi yako ya mpini wa njano, ile niliyopewa tulipogawana vitu vyako. Nilisema kwa sauti, fungua tuone, nikajisikia mjinga.

Ilikuwamo. Stika yangu, kichana, wino mwekundu. Ile niliyokuchagulia, iliyoshika kuliko zote, nayo ililegea.

Kwa hiyo ulijua. Uliifungua ukaona W.N. na ukajua kwamba Mami wako amepitisha kitu kibovu, na hukuniambia. Ulikiri kosa ambalo si lako, ukafunga, ukairudisha juu ya kibanda, ukaendelea kuwaambia wapita njia kwamba imetengenezwa na mtoto wako. Na walipokuletea zao ulifanya vilevile, moja baada ya nyingine. Nilikukasirikia, Tata. Mara ya kwanza tangu ufe nimekukasirikia. Heri ungenigombeza, ungenirushia ile taa. Nilikaa kwenye kiti cha kunyolewa nikijitazama kwenye kioo na sikupenda nilichokiona.

Kisha nikakumbuka Krismasi yako ya mwisho. Ulikuwa umeshaanza kuvimba miguu. Ulinimiminia chai, ukaniuliza, "Huko kazini, Mami, kwani mnafungua kweri?" Kweri, kwa R yako. Nikakujibu ndiyo, tunafungua kila moja. Ukanitazama kidogo. Ukaniongezea sukari ambayo sikuomba, ukaanza kuongea juu ya kuku. Nilidhani ni swali tu. Ulikuwa umenifungulia mlango, na mimi nikaufunga nikiwa na chapati mdomoni.

Nisamehe.

Nimeshaamua, na nimeamua kabla ya giza kuingia ili nisije nikabadilika. Mama anasema ungeniambia nitie sahihi. Sawa, pengine. Lakini ulishanibebea mara moja ukiwa hai, ukiwa na miguu inayouma, na sitakubebesha tena ukiwa umelala. Kesho sitatia sahihi ile ripoti yao. Nimejaza nyingine, kwenye fomu ya kampuni yenyewe. Pale wanapouliza chanzo cha hitilafu nimeandika kwamba matundu yalilegea tangu kiwandani, kwamba niliona, kwamba nilisema mara moja kisha nikanyamaza na kuweka stika. Nimeandika: Kosa langu, na kosa la kampuni. Na pale kwenye nafasi ya mapendekezo nimeandika kwamba kundi lote lirudishwe, na tundu lisimamishwe kama alivyofanya fundi Nyambura wa Kiganjo, nikachora kile kichana. Jina lako nimeliandika kwa herufi kubwa. Nitapeleka na vile vifuniko vitatu niviweke mezani mbele ya meneja. Aseme kama mtu aliyefanya hivyo anaiangusha Kenya.

Wanaweza kunifukuza. Wanaweza pia kunisikiliza, yule meneja alinipa maji, sijui. Nimeshaongea na msichana wa chapati. Amesema pembeni, upande wa kinyozi, benchi moja linatosha. Yeyote mwenye taa ya kundi lile nitamfungulia bure, nikiwa na kazi au bila kazi, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka ziishe Kiganjo. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na Kamau ni shahidi, ingawa amekasirika kuhusu vichana vyake.

Nakuaga sasa. Lala, Tata, pumzisha hiyo miguu. Taa yako nimeirudisha juu ya kioo, inawaka. Kwenye fomu nimeandika kwa L, kwa sababu ni ya watu wa ofisi. Lakini ndani ya kifuniko chako, chini ya maandishi yako, kwa kalamu yako ileile ambayo wino wake umebaki kidogo sana, nimeandika:

Hapana, Tata. Ni rangu.

Mami wako,
Wanjiku